Nyota Ijayo Moja kwa Moja Haionekani Kusogea

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Wasomaji wengi wa gazeti letu la shule bila shaka wamekwisha sikia habari za darubini iitwayo Gaia, iliyorushwa na Shirika la Anga la Ulaya tarehe 19 Desemba 2013, na wamesikia kwamba kazi yake ilikuwa kuchora ramani ya nyota. Habari hiyo ni ya kweli, lakini ni ya upande mmoja tu. Ndani ya Gaia mlikuwa na chombo kingine ambacho hakikusemwa sana, nacho kazi yake haikuwa kutazama nyota iko wapi, bali kupima nyota hiyo inatujia au inatukimbia kwa kilometa ngapi kila sekunde. Mimi chombo hicho ndicho kilichonivutia kuliko ramani yenyewe, na katika makala haya nataka kueleza jinsi kilivyofanya kazi, kwa lugha ambayo hata mzazi asiyepata kusoma Fizikia ataweza kuifuata. Penye hesabu nitaiweka wazi, ili mwenye shaka achukue kalamu aikague.

Yafaa kwanza tukubaliane kwamba nyota zinakwenda. Sisemi kule kuchomoza mashariki na kutua magharibi, maana huko ni kujizungusha kwa dunia yetu. Nasema mwendo wao wenyewe. Chukueni Kilimia, ambacho wazee wetu walikitazama wapate kujua majira ya kulima. Hicho ni kundi la nyota zinazosafiri pamoja, kama ndege warukao kundi moja, na umbali wake kutoka kwetu ni kiasi cha miaka ya nuru 440. Mwaka wa nuru ni mwendo ambao nuru husafiri kwa mwaka mzima, na nuru huenda kilometa 300,000 kwa sekunde moja. Kilimia kinatuondokea kwa kilometa kati ya tano na sita kila sekunde, lakini mtu aliyelima kwa kukifuata miaka sabini hakuona badiliko lolote. Umbali umeficha yote.

Sasa, mwendo wa nyota una sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni ya kwenda kando, kulia au kushoto, juu au chini. Sehemu ya pili ni ya kuja kwetu au kutuondokea. Kila aliyepata kusimama golini ataelewa tofauti yake. Mpira unaopigwa kutoka wingi moja kwenda ya pili, kipa anauona ukipita mbele yake bila taabu. Lakini mpira uliopigwa kumwelekea usoni hauendi kulia wala kushoto. Umekaa pale pale, ila unakua. Kipa anajua unakuja kwa sababu unakua. Nyota ni mpira usiokua. Hata ikikujia kwa kasi ya ajabu, kwa mbali ilivyo itabaki nukta ile ile, leo na kesho na karne ijayo. Kwa hiyo kadiri nyota inavyotujia moja kwa moja, ndivyo inavyoonekana imesimama kabisa.

Hapo ndipo ramani peke yake inaposhindwa. Kabla ya Gaia, Ulaya ilikuwa imepeleka angani darubini nyingine, Hipparcos, iliyofanya kazi tangu 1989 hata 1993. Hiyo ilipima mahali na mwendo wa kando wa nyota zaidi ya 100,000 kwa usahihi usiopata kuonekana kabla yake, walakini mwendo wa kuja na kwenda haikuupima hata kidogo. Wataalamu walibaki na kitabu kizuri kilichokosa safu moja, ikawabidi kuitafuta safu hiyo kwa darubini za ardhini, nyota moja baada ya nyingine. Waliotengeneza Gaia hawakutaka jambo hilo litokee mara ya pili.

Utaupimaje mwendo wa kitu kisichosogea machoni? Jibu lake linapita mbele ya shule yetu kila siku. Basi likija kwenye barabara kuu huku dereva amekandamiza honi, sauti ya honi ni nyembamba. Likisha tupita, sauti ile ile inashuka na kuwa nene. Honi haikubadilika, na dereva ndani yake anasikia sauti moja tu wakati wote. Kinachobadilika ni mawimbi ya sauti: basi linapokuja linayafuata mawimbi yake na kuyasonganisha, na linapokwenda linayaacha yakiwa yametanuka. Mwalimu wetu wa Fizikia alitufanyisha hesabu yake. Basi lendalo kilometa 80 kwa saa huenda kiasi cha mita 22 kwa sekunde, na sauti huenda mita 340 kwa sekunde. Ukifanya mgawanyo utaona kwamba kutoka kuja hadi kwenda, sauti inashuka kwa sehemu kama 13 katika mia moja, ambayo kwa waimbaji wetu wa kwaya ni sawasawa na kushuka kutoka re hadi do, na kuzidi kidogo. Mwenye sikio zuri angeweza kukaa bwenini, dirisha limefungwa, akakadiria mwendo wa basi bila kuliona.

Jambo hili lilielezwa mwaka 1842 na Christian Doppler, aliyekuwa akifundisha huko Prague. Mwaka 1845 Mholanzi mmoja, Buys Ballot, akalijaribu kwa njia ambayo ningependa sana kuiona: aliwapandisha wapiga tarumbeta katika gari moshi karibu na Utrecht, akawaweka wanamuziki wengine kando ya reli wasikilize sauti inapanda au inashuka kiasi gani. Ikawa kama Doppler alivyosema.

Nuru nayo huenda kwa mawimbi, na yaliyo kweli kwa honi ni kweli kwa nyota. Nyota ikitujia, mawimbi ya nuru yake husongana na kuelekea upande wa buluu. Ikituondokea hutanuka na kuelekea upande wa nyekundu. Lakini msidhani kwamba mtu ataiona nyota imegeuka rangi. Tuchukue nyota inayokwenda kilometa 30 kwa sekunde, mwendo ambao kwetu ni wa kutisha. Ukigawanya 30 kwa 300,000 utapata sehemu moja katika elfu kumi. Hakuna jicho litakalotambua badiliko la rangi dogo namna hiyo. Hapana budi kuwa na alama ndani ya nuru, kitu mfano wa mistari ya rula, ili tuone mistari hiyo imehama kiasi gani.

Alama hizo zipo, nazo zimewekwa na maumbile yenyewe. Ukiupitisha mwanga wa jua katika mche wa kioo, utapata utepe wa rangi kama upinde wa mvua. Mwaka 1814 Joseph Fraunhofer wa Bavaria aliutazama utepe huo kwa makini akakuta umekatwa na mamia ya mistari myeusi. Baadaye ilijulikana kwamba kila mstari huandikwa na elementi fulani iliyo katika hewa ya jua au ya nyota: hidrojeni ina mistari yake, chuma ina yake, kalisi ina yake, na mahali pa kila mstari panajulikana kwa kupimwa maabara. Basi kazi ikawa rahisi kusema: tafuta mstari wa kalisi katika nuru ya nyota, tazama umehama kiasi gani kutoka mahali pake, na hesabu ya mgawanyo itakupa mwendo.

Rahisi kusema, nimesema. William Huggins wa London ndiye aliyethubutu kwanza kuifanya kwa bidii, mwaka 1868, akiitazama Sirius, nyota ing'aayo kuliko zote usiku. Alitazama kwa jicho lake tu, katika mwanga unaotetemeka, akatoa jibu kwamba Sirius inatukimbia kwa maili 29 na kitu kila sekunde, yaani kama kilometa 47. Leo twajua kwamba Sirius inatujia, na kwa kilometa tano na nusu tu. Si kiasi peke yake kilichokosewa, hata upande. Lakini njia aliyoifungua ilikuwa sahihi. Kilichopungua kilikuwa jicho. Mwaka 1888 Hermann Vogel huko Potsdam alianza kupiga picha za utepe wa nuru badala ya kuutazama, na tangu hapo vipimo vikaanza kuaminika.

Turudi kwa Gaia. Ilipelekwa kutoka Kourou, katika Guyana ya Ufaransa, ikaenda kukaa kilometa milioni moja na nusu kutoka duniani, upande ulio kinyume na jua, mbali karibu mara nne kuliko mwezi. Huko ilikuwa ikijizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa saa sita. Ilikuwa na darubini mbili zinazotazama pande mbili tofauti, na nuru ya zote mbili iliangukia kwenye meza moja yenye vibao 106 vya kupokea nuru, vya jamii ya vile vilivyo katika kamera za siku hizi. Kati ya hivyo, vibao 12 vilikuwa vya chombo chetu cha kupimia mwendo. Kabla nuru haijavifikia ilipita katika vioo vilivyoitawanya ikawa utepe mfupi.

Utepe huo haukuwa wa rangi zote za upinde. Walichagua kipande chembamba sana, tangu nanometa 845 hata 872. Na nanometa moja ni milimeta moja iliyogawanywa mara milioni. Kipande hicho kimepita kidogo nyekundu ya mwisho ambayo jicho la mtu huiona. Kwa nini pale? Kwa sababu pale pana mistari mitatu ya kalisi, karibu na nanometa 850, 854 na 866, iliyo mizito na mipana katika nyota nyingi mno za jamii ya jua letu na zile zilizo baridi kuliko jua, hata katika nyota kuukuu zenye madini machache. Afadhali kusoma maneno matatu yaliyoandikwa kwa herufi kubwa kuliko ukurasa mzima wa herufi ndogo.

Sasa tufanye hesabu tuone ugumu wake. Nyota ikienda kilometa moja kwa sekunde, mstari ulio kwenye nanometa 850 utahama 850 gawanya kwa 300,000, yaani 0.0028 ya nanometa. Kitu kidogo namna hiyo hakipimwi kwa kutazama mstari mmoja. Kompyuta zilichukua utepe wote, zikachukua na utepe wa mfano wa nyota ya namna ile ile ukiwa umesimama, zikausogeza mfano juu ya ule uliopimwa, huku na huku, mpaka mistari yote ikakaa juu ya wenzake. Kama fundi cherehani anavyosogeza karatasi ya kielelezo juu ya kitambaa mpaka maua yalingane. Kiasi cha kusogeza ndicho mwendo. Kisha ikabidi kutoa mwendo wa Gaia yenyewe, maana nayo ilikuwa ikilizunguka jua pamoja na dunia kwa kilometa 30 hivi kila sekunde. Bila kutoa huko, nyota ile ile ingeonekana inatujia mwezi huu na kutukimbia baada ya miezi sita.

Nyota dhaifu zilileta taabu ya namna nyingine. Ukichukua nuru ya nyota ukaitawanya, unakuwa umeichukua kidogo iliyopo na kuifanya kidogo zaidi mahali popote. Kijiko cha sukari katika kikombe kimoja kitaonekana. Kijiko hicho hicho katika sufuria ya chai ya bweni zima, wanafunzi wenzangu wajua mambo yake. Tena, baada ya Gaia kufika mahali pake, ilionekana kwamba mwanga usiotakiwa unaingia ndani yake, na sehemu yake ulipita kwa nyuzi zilizochomoza kwenye ukingo wa kile kivuli kikubwa kilichoikinga na jua. Nyuzi tu! Dawa iliyobaki ilikuwa subira. Kila nyota ilipopita mbele ya chombo ilipimwa sekunde 4.4 kwa kila kibao, vibao vitatu mfululizo, kisha ikangojwa irudi tena siku nyingine, na tena, mwaka baada ya mwaka, na vipimo vyake vikakusanywa pamoja. Ndiyo sababu katika kitabu cha nyota kilichotolewa Juni 2022, mahali pameandikwa kwa nyota karibu milioni 1,800, lakini mwendo wa kuja na kwenda ni wa nyota milioni 33 tu. Nasema tu, lakini mtu mmoja angepima nyota moja kwa kila dakika, asilale wala asile, angehitaji zaidi ya miaka 62 kuzimaliza.

Jambo nililolitafakari kuliko yote ni hili: darubini za ardhini huwa na ufa mwembamba ambao nuru ya nyota moja hupitishwa, na huwa na taa yenye mistari inayojulikana ya kulinganishia. Gaia haikuwa na ufa wala taa. Badala ya taa ilitumia nyota zenyewe: wataalamu walichagua mapema nyota elfu kadhaa zenye mwendo usiobadilika, wakazipima kwa darubini za ardhini, kisha wakazitumia kama mawe ya mizani yatumiwavyo dukani kuhakikisha mizani haidanganyi. Hilo lilifaa vizuri. Lakini kukosa ufa kulileta hatari yake. Pasipo ufa, nuru ya kila nyota iliyo mbele ya chombo inaingia, na nyota iliyosogea kidogo pembeni huandika mistari yake ikiwa imesogea pembeni pia. Chombo hakiwezi kujua, kwa kutazama tu, kama mstari umehama kwa sababu nyota inakwenda au kwa sababu nyota iko mahali pengine.

Nitawapa kisa cha kweli. Katika vipimo vilivyotolewa Aprili 2018, vya nyota milioni 7.2, palikuwa na nyota moja isiyo na jina ila namba ndefu ya tarakimu 19, iliyoandikwa kwamba inatujia kwa kilometa 614.286 kwa sekunde, na kosa lisilozidi 2.492. Huo ni mwendo wa kupindukia. Nyota yenye mwendo huo haiwezi kufungwa na galaksi yetu, na watu walipendekeza kwamba ni mgeni anayepita tu. Basi kundi la wataalamu likaitazama kwa darubini za ardhini, si mara moja wala mbili, ila mara nane. Wakapata kilometa 56.5. Si 614, ila 56.5! Kulikuwa na njia mbili za kueleza tofauti hiyo. Ya kwanza ni kwamba nyota ile inazunguka shimo jeusi kubwa lisilopata kuonekana mfano wake mahali kama pale. Na hapana shaka wengi wangependa jibu hilo, maana lingewapa sifa. Ya pili ni jirani. Kando ya nyota ile, kwa umbali wa sekunde 4.3 za pembe, iko nyota nyingine. Sekunde ya pembe ni digrii moja iliyogawanywa mara 3,600, sekunde 4.3 ni upana wa sarafu ya sentimeta mbili na nusu ikishikwa mbali kilometa moja na zaidi. Walipohesabu walikuta kwamba kusogea kwa pembe hiyo, katika chombo kisicho na ufa, huonekana kama mwendo wa kilometa 620 kwa sekunde. Chombo kilikuwa kimesoma mistari ya jirani kikadhani ni ya mwenyewe. Mwaka 1919 au 1819 kosa kama hilo lingeweza kukaa vitabuni muda mrefu. Hili lilichapishwa na kusahihishwa mwaka 2019, na katika vipimo vya 2022 walitia njia ya kutenganisha nuru za majirani.

Tazameni ile 614.286. Tarakimu tatu baada ya nukta! Sisi darasani twapenda sana kunakili kila tarakimu ambayo kikokotoo kimetupa, tukidhani wingi wake ni ushahidi.

Rafiki yangu mmoja wa bwenini, nilipokuwa nikiandika makala haya, aliniambia, "Bwana we, nyota ije isije, ugali utapikwa." Sikuwa na la kumpinga kuhusu ugali. Lakini nilimwonyesha habari ya nyota iitwayo Gliese 710, akakaa kitako akaisoma yote, nami nitaieleza hapa.

Gliese 710 iko katika kundi la nyota liitwalo Nyoka, nayo ni ndogo kuliko jua, rangi yake ni ya machungwa, na kwa macho matupu haionekani. Umbali wake ni miaka ya nuru 62. Mtu akitazama mwendo wake wa kando ataona ni mdogo mno, kiasi cha mita 40 kwa sekunde, usiozidi sana ule wa gari lenye haraka katika barabara nzuri. Kwa nyota huo ni sawa na kusimama. Mwenye ramani peke yake angeipita bila kuiangalia. Lakini mistari katika nuru yake inasema kwamba inatujia kwa kilometa 14.4 kila sekunde. Yaani mwendo wa kuja ni mara 360 ya mwendo wa kando. Huyu ndiye mpira ulioelekezwa usoni.

Itafika lini? Gawanya 300,000 kwa 14.4, utapata kwamba nyota hiyo huhitaji miaka 20,833 kusafiri mwaka mmoja wa nuru. Zidisha kwa 62, utapata miaka 1,290,000 na kitu. Je, itatugonga? Hapo ile mita 40 ndiyo inayotuokoa. Katika muda wote huo itakuwa imesogea kando sehemu moja katika 360 ya miaka ya nuru 62, ambayo ni karibu sehemu moja ya sita ya mwaka wa nuru. Kwa hiyo itatupita pembeni kwa umbali huo. Ni mbali, zaidi ya mara elfu kumi ya umbali wa dunia na jua. Lakini kumbukeni kwamba nyota iliyo jirani yetu kuliko zote leo, ukiliacha jua, ni Proxima, nayo iko miaka ya nuru minne na robo. Gliese 710 itakuja karibu kuliko hiyo mara ishirini na zaidi. Wataalamu huamini kwamba mbali kuzunguka jua letu pana wingu la vimondo vyenye mikia, vipande vya barafu visivyohesabika, na nyota ikipita hapo yaweza kuvisukuma baadhi yake vije upande wetu. Hesabu niliyoifanya hapa ni ya mstari mnyofu tu. Wao huhesabu na mvuto wa galaksi nzima, lakini majibu hayapishani sana. Rafiki yangu alifanya mgawanyo ule mara mbili.

Ziko faida nyingine ambazo nitazigusa tu. Mtu akiwa na mwendo wa kando na wa kuja pamoja, anaweza kujua kila nyota inatoka wapi na inakwenda wapi katika galaksi yetu, Njia Nyeupe. Mwaka 2018 makundi mawili ya wataalamu, moja la Amina Helmi wa Groningen na jingine la Vasily Belokurov wa Cambridge, yaligundua kwamba nyota nyingi zilizo kandokando ya galaksi haziendi kama wenzao. Nyingine zinarudi nyuma, na nyingine zinaingia ndani na kutoka kwa njia ndefu nyembamba. Walieleza kwamba hizo ni nyota za galaksi nyingine ndogo iliyomezwa na yetu miaka kama milioni elfu kumi iliyopita. Sare ni moja, lakini lafudhi bado inamtambulisha mgeni, kama tunavyojuana hapa shuleni nani ametoka pwani na nani ametoka bara. Na mwezi wa Aprili 2024 ilitangazwa habari ya nyota moja katika kundi la Tai, mbali miaka ya nuru 2,000 hivi, ambayo huyumba na kubadili mwendo wake kwa kuwa inazunguka, kila baada ya miaka 11.6, kitu kisichoonekana chenye uzito wa majua 33. Hilo ni shimo jeusi la kweli, nalo lilipatikana kwa kupima mwendo wa nyota wala si kwa kuliona. Baada ya kisa cha yule jirani, mtaelewa kwa nini walikagua mara nyingi kwa darubini za ardhini kabla ya kusema neno.

Gaia yenyewe haifanyi kazi tena. Gesi iliyoisaidia kujizungusha ilikuwa imekaribia kwisha, ikaacha kupima tarehe 15 Januari 2025, na tarehe 27 Machi mwaka huo huo ilisogezwa kutoka mahali pake na kuzimwa, ibaki ikilizunguka jua kimya. Lakini vipimo vilivyotolewa mpaka sasa ni vya miezi 34 ya kwanza tu. Vilivyobaki bado vinafanyiwa hesabu. Kitabu cha nne kimepangwa kutolewa Desemba 2026, na ndani yake kitawekwa kila kipimo kimoja kimoja pamoja na tarehe yake, badala ya jumla peke yake, ili nyota zinazozungukana ziweze kufuatwa mzunguko kwa mzunguko. Wakati huo sisi wa Kidato cha Nne tutakuwa tumekwisha rudi makwetu. Vitabu hivyo vyote hutolewa bure kwa mtu yeyote aliye na kompyuta na intaneti, popote alipo, na ukurasa wa nyota ile ya tarakimu 19 unafunguka kama mwingine wowote.